Upande wa Kushoto wa Mkia

Baba alirudi kijijini Kisanga na sanduku la bati, leseni yake ya ufundi wa ndege iliyoviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni, na maradhi aliyomficha kila mtu. Hata mimi hakuniambia. Niligundua mwenyewe.

Jirani yetu wa bondeni alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake miaka michache kabla yetu. Siku moja kundi lilimponyoka likaingia kwenye mahindi yetu, na ng'ombe wa mbele alikuwa na kengele shingoni. Baba alikuwa anapalilia, amewapa mgongo. Mimi nilikuwa jikoni na kengele niliisikia tangu ikiwa mbali. Yeye hakugeuka. Ng'ombe walimfikia, wakampita kulia na kushoto huku wakimtafunia mahindi, naye akaendelea kupalilia mpaka mmoja alipomsukuma kwa bega. Alishtuka, jembe likamtoka mkononi. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kuwafukuza ng'ombe. Alitazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akaja, akasimama karibu yangu sana, akasema, "Mama yako asijue."

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nilizaliwa Dar es Salaam na kukulia huko. Kisanga nilikuwa nakujua kwa likizo tu, na likizo zina mwisho. Sasa tulikuwa tumeletwa na kutuliwa pale na vitanda vyetu, na kila jioni nilipokuwa napuliza kuni machozi yalinitoka, na si kwa ajili ya moshi peke yake.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kampuni moja ya ndege. Kampuni hiyo haipo tena na jina lake halitamsaidia mtu. Ndege aliyoihudumia ilikuwa kubwa, ya injini tatu, moja ikiwa imepachikwa mkiani, na ndani ilikuwa na njia mbili za kupita katikati ya viti. Ilikwenda Ulaya na kurudi, na mara mbili kwa wiki ilishuka nchi za kusini. Baba aliisema kama watu wanavyomsema shangazi mkorofi: inapenda hiki, inachukia kile, leo imenuna.

Kisha zikaja zile enzi za ruksa. Madukani kulijaa sabuni za kila rangi, mitaani magari ya Kijapani yenye maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma, na kwenye kampuni ya baba wakaja wabia wapya wenye mahesabu yao. Wakasema ndege ile ni nzee, inakunywa mafuta kupita kiasi, inahitaji watu watatu mbele wakati za kisasa zinarushwa na wawili. Ingeuzwa, na ingekuja mpya ya injini mbili. Hapo sina ubishi, huenda walikuwa sahihi. Lakini walianza kuwastaafisha watu wa ndege kabla ya kuistaafisha ndege yenyewe. Mafundi wenye leseni ya ndege ile walipunguzwa mmoja mmoja. Wengine walikimbilia Uarabuni. Baba alirudi kulima.

Katika kazi zake iko moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo mengine hayatafahamika. Sehemu nyingi za mkia wa ndege ile zilikuwa matabaka yaliyogandishwa kwa gundi. Kwa nje huoni kitu. Gundi ikiachia ndani, rangi ni ileile, mng'ao ni uleule. Fundi anachukua sarafu na kugonga, inchi kwa inchi, anasikiliza. Pazima panalia kwa sauti kavu, ya juu. Palipoachia panalia butu, sauti haitoki. Baba alikuwa na dala ya zamani, ile sarafu ya shilingi tano, na nyumbani aligonga kila kitu kwayo: maboga, pipa la maji, ukuta wa sebule, mpaka kichwa changu nikikosea hesabu. Mafundi wenzake walikuwa na desturi yao: mwenye leseni akishagonga na kusikia, neno lake halijadiliwi. Kama amesema pazima, ni pazima. Wa chini yake anaweza kunong'ona, hawezi kubisha.

Ndiyo maana kupoteza masikio kwa mtu wa namna ile kulikuwa balaa ambalo hata jina hatukulipa. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, la kulia lilisikia mtu akiwa karibu na kwa sauti kubwa. Injini zilimla kidogo kidogo. Tukabuni mbinu. Mtu akija kuzungumza naye, mimi nilikaa kulia kwake na kurudia maneno ya mgeni kwa mshangao, kama mtu mzito wa kuelewa. "Mvua imenyesha Ulaya?" nilisema, yaani Ulaya kijiji cha jirani. "Trekta limekwama Zombo?" Na baba akajibu kana kwamba alimsikia mgeni mwenyewe. Kijijini wakaanza kusema binti wa fundi kichwani hayuko sawa sawa. Mama alinigombeza, akasema nitakosa mchumba. Nilivumilia. Ukweli ni kwamba nilijisikia mtu muhimu.

Barua ilifika masika, ikiwa imelala posta ya Kilosa wiki nzima. Iliandikwa na mkuu wa karakana, mtu ambaye baba ndiye aliyemfundisha kazi. Alisema atakuwa Mikumi siku fulani, kwenye hoteli ya barabara kuu, na kwamba barabara ya kuja kwetu imeharibika, kwa hiyo mzee amfuate. Kuna jambo la dakika tano tu. Baada ya hapo kuna kazi: ndege mpya inakuja, wanahitaji mkufunzi, kozi ni Ulaya. Ulaya ya kweli, aliandika, si hiyo ya kwenu njia ya Kilosa.

Mama aliisoma barua mara tatu, akaanza kufua nguo za baba za safari.

Tulipanda lori la vitunguu. Mvua ilikuwa imetulia lakini mbingu zilikuwa zimebana, na milima ya upande wa magharibi haikuonekana. Karibu na Mikumi, lori lilipopunguza mwendo kukwepa shimo, aliniinamia na kunieleza jambo hilo la dakika tano. Katika ukaguzi wake wa mwisho aligonga usukani wa mkia, ule ubao mkubwa unaosimama wima. Upande wa kulia aliugonga akausikia, akasaini. Upande wa kushoto aliugonga wote, akashuka, na kalamu ikamgomea. Hakujua kama alichosikia kilikuwa butu au kama ni masikio yake. Aliacha ukurasa ule wazi akisema ataurudia kesho. Kesho yake ikaja barua ya kupunguzwa kazi.

"Wanataka nisaini ukurasa huo," alisema. "Kwa tarehe ya siku ile."

"Lakini huenda ni pazima," nilimwambia sikioni.

"Huenda."

"Sasa?"

"Nikisaini, nasema nilisikia."

Tulishuka Mikumi matope yakiwa yamefika vifundoni.

Hotelini walikuwa wawili. Mkuu wa karakana alisimama upesi, akamwamkia baba shikamoo kwa kuinama, kwa adabu zote. Mwingine alikuwa mtu wa rika la baba, mfupi, mwenye sharubu, fundi ambaye walifanya kazi bega kwa bega miaka mingi ila leseni ya ndege ile hakuwahi kuipata. Niliwaamkia wote. Nilikaa kulia kwa baba. Waliletewa chai, chapati na nyama ya mbuzi, na malori ya Zambia yalipita nje yakitetemesha madirisha, jambo lililonisaidia, kwa kuwa lilinipa sababu ya kurudia maneno kwa sauti.

Mkuu alieleza vizuri, kama mtu anayetaka kusafisha meza. Ndege imepata mnunuzi, kampuni ya mizigo ya huko kusini. Itabeba samaki na maua. Mkaguzi wa mnunuzi amepitia vitabu na kukuta ukurasa mmoja hauna saini. Kugonga upya kunataka kupandisha jukwaa, kunataka mwenye leseni, na wenye leseni wote wako Uarabuni. Mnunuzi amechoka kungoja. Ndege isipoondoka mwezi huu, ataghairi. Na hii isipoondoka, ile mpya haitapata nafasi wala njia ya kuja.

"Hakuna wa kugonga upya?" nilirudia, nikimtazama baba. "Mnunuzi ataghairi?"

Baba aliuliza, "Kuna mtu aliyegonga baada yangu?"

"Hakuna," alisema mkuu.

"Hakuna," nilirudia.

Hapo ndipo yule fundi wa sharubu alipoinamia kikombe chake. Alikuwa amekaa kushoto kwa baba, upande uliokufa. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia kila neno. "Mzee, mimi niligonga wiki iliyopita. Kwa ngazi. Chini ya bawaba ya pili, kushoto. Pamelia kama gunia la pumba."

Mkuu alimtupia jicho, akasema, "Kula chapati wewe, inapoa."

Baba alinigeukia. Alinitazama usoni, akingoja. Kazi yangu ilikuwa moja tu, na nimeshasema ilikuwa ipi. Nilikuwa nimeifanya kwa miezi kadhaa, kwa wauza mbolea, kwa wajumbe wa nyumba kumi, kwa watu waliokuja kuomba chumvi. Nilifikiria jiko la kuni. Nilifikiria mitaa yetu ya Dar, taa za barabarani, rafiki zangu ambao walikuwa wameacha kuniandikia. Na nikajiambia kwamba ndege zimejaa vipande, kipande kimoja ni nini?

"Anasema chai ya hapa inanuka moshi," nilisema.

Baba aliendelea kunitazama kitambo kidogo. Kisha akavuta kitabu, akavaa miwani, akasaini. Aliandika tarehe ya siku ile ya zamani kwa mwandiko wake wa kulalia mbele. Mkuu alivuta pumzi. Fundi wa sharubu aliitazama saini, akamtazama baba, na uso wake ukalegea. Wakati huo sikuelewa kwa nini. Nilielewa baadaye, na tangu hapo sijapata kuusahau uso ule. Hakuwa anajua kwamba baba ni kiziwi. Yeye alikuwa amesema, mwenye leseni alikuwa amesikia, na baada ya kusikia alikuwa ameamua. Neno lilikuwa limetoka kwa mkubwa. Mzigo ulikuwa umemtoka mabegani.

"Basi nami nitaruka nayo kwa moyo mweupe," alisema huku akicheka. "Maana ndimi niliyepangwa kwenda nayo, kuikabidhi."

Hilo nililirudia. Baba akampa mkono, akaushika muda mrefu.

Siku ya ndege kuondoka tuliijua, mkuu alituambia. Ingepita juu yetu saa nne asubuhi, maana njia ya kusini ilipita pale siku zote. Kuanzia saa tatu baba alikuwa shambani, hana jembe. Nilikwenda kusimama naye. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, kwa hiyo hakuna cha kuona, ni kusikia tu. Ikaja. Nilimgusa kiwiko.

"Inaliaje?" aliuliza.

Inaliaje! Ningejua nini mimi? Ilikuwa inavuma juu ya mawingu, mvumo mzito uliokatika kidogo, kisha ukaendelea, kisha ukakatika. Labda ulikuwa upepo.

"Vizuri," nilisema.

"Imeshapita?"

"Bado." Nilisubiri mpaka niliposikia ndege wa mtamani na sauti ya mama akiita kuku. "Sasa imepita."

Mama siku ile alipika wali. Alianza kupanga vyombo gani vitarudi Dar na vipi ataviacha kwa wifi yake. Baba alikula kidogo, akasema tumbo limejaa.

Habari tuliipata kesho yake, dukani, saa saba mchana. Tulikuwa tumekwenda kununua mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira, na taarifa ya habari ilikuwa inasomwa. Nilisikia jina la kampuni, nikaganda na chupa mkononi. Baba aliona uso wangu.

"Wanasemaje?"

Mwenye duka alikuwepo, na watu wawili wengine, wote wakinitazama wakitegemea kuona kituko changu cha kurudia rudia. Nikarudia. Nilirudia neno kwa neno, kwa sauti kubwa, kama nilivyozoea, na sikuweza kubadilisha kitu kwa sababu wote walikuwa wanasikia. Kwamba ndege ya mizigo, zamani ya abiria, imeanguka ilipokuwa inakaribia kutua. Kwamba mashahidi waliona kipande cha mkia kikichomoka. Kwamba ndani walikuwemo watu wanne, marubani wawili, mhandisi wa ndege na fundi. Kwamba hakuna aliyenusurika.

Mwenye duka alisema, "Maskini." Akaniuliza mafuta lita ngapi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Usiku ule na siku zilizofuata tulingoja gari. Kila chombo kilichonguruma upande wa barabara, baba aliona mimi nimeinua kichwa, naye akasimama, akavaa shati. Lilikuwa lori la mkaa, au Landrova ya misheni, likapita. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Vitabu vya ndege vilikuwa ndani ya ndege, na saini yake iliungua pamoja nao. Mkuu wa karakana hakuandika tena. Ile ndege mpya ilikuja, ikaruka miezi michache, kisha kampuni ikafungwa na wabia wakaenda zao. Mama aliendelea kuuliza kuhusu kozi kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Baba alimwambia wamebadili mawazo. Matokeo yangu yalitoka nikaenda chuo cha ualimu, na nimefundisha Kilosa maisha yangu yote. Dar nimekwenda kama mgeni.

Niliibeba siri hiyo miaka ishirini na zaidi. Niliona baba akizidi kunywea, niliamini ni masikio yake anayoyalaumu, na nilijua kwamba sentensi moja kutoka kwangu ingemtua mzigo: haikuwa masikio yako, ilikuwa mdomo wangu. Sikuisema. Niliogopa. Mama alipofariki nilimleta baba Kilosa mjini kuishi kwangu, na siku moja, baada ya chakula cha mchana, akiwa anamenya chungwa, nilikaa mbele yake na kumwambia. Hakuwa anasikia tena hata kidogo, kwa hiyo nilisema polepole, kwa mdomo mpana, na kwa vidole. Mikumi. Fundi wa sharubu. Chini ya bawaba ya pili. Sikukwambia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kofi, ingawa mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Aliendelea kumenya mpaka ganda likatoka lote.

"Nilimwona," alisema. "Mtu masikio yake yakianza kuziba hujifunza midomo kabla hajajua kwamba anajifunza. Alisema kushoto, bawaba ya pili. Alisema pumba."

Nilidhani sijamwelewa. Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinitazama mimi?"

Akagawa chungwa, akanisogezea nusu mezani. "Nilitaka uniambie hakusema," alijibu. "Ungesema alichosema, nisingesaini. Namwapia Mungu nisingesaini."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, baba!" Nilipiga kelele kwa mtu asiyesikia, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mpaka koo likaniuma. "Kumi na saba!"

Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza.

"Ndiyo," alisema. "Na ulitaka kurudi Dar."

Nilitoka nikakaa barazani. Nilimchukia kama sijawahi kumchukia mtu, na nilimwonea huruma, na nilimkumbuka yule mtu mfupi akicheka na kikombe mkononi, na yote matatu yalikuja kwa mara moja hata nikashindwa kulia. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba siku hiyo sitasema naye tena. Mgeni akaingia uani, mzee wa kanisa, akapiga hodi mara tatu akielekea dirisha la baba. Baba, bila shaka, hakujibu. Mzee akanigeukia, akaniuliza kama wenyewe wapo. Nikanyanyuka, nikaingia ndani kumwambia baba kuna mtu.